Karatasi ya kwanza na ya sabini na nne: kusahihisha kwa haki ukiwa mwalimu mpya

Muhula wangu wa kwanza kazini, kwenye sekondari moja ya kata wilayani Chamwino, Dodoma, binti wa kidato cha pili alinifuata chini ya mti tunapoegesha baiskeli. Alishika karatasi mbili, yake na ya rafiki yake.

"Shikamoo madam. Samahani, naomba kuuliza."

Hakuja kulalamika. Alitaka kujua amekosea wapi ili asirudie. Swali la tatu, kipengele b: rafiki yake alikuwa na maksi 5 kati ya 6, yeye 3. Nikayasoma majibu yote mawili pale pale nikiwa nimesimama. Hawakuwa wameibiana, maana maneno yalikuwa tofauti, ila hoja zilikuwa zile zile na kwa idadi ile ile. Nikajiumauma, nikamwambia aniachie karatasi nikaangalie vizuri.

Hakukuwa na cha kuangalia. Ya rafiki yake niliisahihisha saa kumi jioni, chai imeshuka na akili inafanya kazi. Ya kwake ilikuwa chini kabisa ya bunda. Nilimfikia saa tano usiku, taa ya sola inafifia na mimi nimeshachoka na kila aliyeandika neno "kwa sababu".

Kwa hiyo ninaposema haki kwenye kusahihisha, nina maana moja tu: mwanafunzi wa karatasi ya kwanza na wa karatasi ya 74 wakutane na mwalimu yule yule. Hatua zote hapa chini zinatafuta hilo. Nafundisha Kiswahili na Jiografia, mifano yangu inatoka huko. Wa Hesabu na Kemia mtageuza wenyewe.

Hatua ya 1: Likague swali kabla ya kumkagua mtoto

Dhuluma nyingi hufanyika kabla peni nyekundu haijafunguliwa. Niliwahi kutunga swali la insha: "Eleza faida za kilimo cha zabibu kwa wakazi wa Dodoma." Nikajisifu kwamba nimetumia mazingira yetu. Wanafunzi waliokulia Chinangali na Hombolo waliandika mpaka wakaomba karatasi za nyongeza: kwamba zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, kwamba bei huanguka wakulima wote wakivuna kwa pamoja, kwamba asiyepata mnunuzi mapema hukamua akauza mchuzi wa zabibu. Wale wa hosteli waliotoka upande wa Kondoa na Chemba, ambako kwao ni alizeti, ufuta na mahindi, walijaza nusu ukurasa kwa kubahatisha. Nilidhani napima uandishi wa insha, kumbe napima baba wa mtoto analima nini.

Swali hilo lingepona kwa kubadilisha maneno machache tu: "Eleza faida za zao lolote linalolimwa kwenu." Kila ukimaliza kutunga, jiulize kama yupo mwanafunzi anayelijua somo vizuri ila atashindwa kwa jambo ambalo hukumfundisha wewe.

Chuoni tulifundishwa jedwali la utahini, lile la kugawa maswali na maksi kwa kila mada, na wengi tuliliacha huko huko pamoja na madaftari. Sikulaumu, ukiwa na vipindi 28 kwa wiki huchori majedwali. Basi fanya walau hili: fungua azimio lako la kazi, ule mpango wako wa mada za muhula, orodhesha mada ulizofundisha na idadi ya vipindi vya kila moja, kisha gawa maksi kufuatana na vipindi. Mada ya vipindi 8 isipewe maksi 4 huku ya vipindi 2 ikibeba 15 kwa sababu tu maswali yake ni rahisi kutunga.

Na ukitaka hoja nne, andika "hoja nne". Ukiandika "eleza" peke yake, mmoja ataleta mbili ndefu, mwingine saba fupi, na wewe utabaki na mizani isiyo na mawe.

Hatua ya 2: Andika skimu siku ile ile unayotunga mtihani

Mwongozo wa usahihishaji, ule ambao stafu tunauita makingi skimu, walimu wapya wengi wanauandika wakiwa tayari na bunda mezani. Wengine hawauandiki kabisa, wanasema wanayo majibu kichwani. Kichwa cha saa kumi jioni na kichwa cha saa tano usiku ni vichwa viwili.

Mimi hukaa na mtihani wangu nikaufanya kwa kalamu kama mtahiniwa. Hapo ndipo unagundua swali la 5 lina majibu mawili sahihi, au ramani uliyotoa fotokopi haionyeshi kipimio. Ukitumia dakika 20 kuumaliza, wape saa nzima.

Skimu nzuri inaonyesha kila maksi inatoka wapi, mpaka zile ndogo ndogo. Chukua swali la kusoma ramani. Kipimio ni 1:50,000, yaani sentimita 1 ya ramani ni nusu kilomita ardhini. (a) Tafuta umbali kwa barabara kutoka zahanati hadi shule. (b) Mwendesha baiskeli anayekwenda kilomita 12 kwa saa atatumia dakika ngapi? Kwenye ramani mimi nimepima sentimita 9.4, kwa hiyo umbali ni kilomita 4.7 na muda ni dakika 23.5. Skimu yangu inasema hivi: (a) kupima kwa usahihi maksi 1, na nakubali kuanzia 9.3 hadi 9.5, kugeuza kwa kipimio maksi 1, jibu lenye kizio maksi 1. (b) njia maksi 1, jibu maksi 1.

Sasa anakuja mwanafunzi ambaye uzi wake wa kupimia barabara uliteleza, akausoma kwenye rula akapata 8.4. Akageuza vizuri, akapata kilomita 4.2. Kwenye (b) akatumia hiyo 4.2 akapata dakika 21. Mwalimu asiye na skimu anaona majibu mawili yasiyo yake, anachora makosa mawili na kumpa 0 kati ya 5. Lakini mtoto huyu amekosea mara moja tu, kwenye rula. Anajua kipimio, anajua kugeuza, anajua mwendo na muda. Kwangu amepoteza maksi ya kupima na ya jibu la (a), amepata ya kugeuza, na (b) amechukua zote mbili kwa sababu amefanya hesabu sahihi kwa namba aliyokuwa nayo. Jumla 3. Kosa moja lisihukumiwe mara mbili. Liandike hilo juu kabisa ya skimu, kabla uchovu haujakusahaulisha.

Insha ndiyo penye mtego mkubwa zaidi. Mwaka 1912 Wamarekani wawili, Daniel Starch na Edward Elliott, waliwatumia walimu wengi nakala za karatasi mbili za wanafunzi wa somo la Kiingereza wakaomba kila mmoja azisahihishe. Maksi zilitawanyika kiasi kwamba karatasi ile ile ilifeli kwa mwalimu huyu na kung'ara kwa yule. Walimu wa hesabu hawakupata muda mrefu wa kuwacheka wenzao, kwani mwaka uliofuata walipelekewa karatasi ya jiometri, na zao zikatawanyika pia.

Dawa si kuacha insha. Ivunje vipande. Insha ya maksi 10 mimi naigawa hivi: hoja 4, kila hoja iliyofafanuliwa 1, lugha 3, muundo wa mwanzo, kati na mwisho 2, mtiririko 1. Ugawaji wako unaweza kuwa tofauti na wangu, mradi uwe mmoja kwa darasa zima na wanafunzi wauone kabla ya mtihani. Mtoto asiyejua mwisho wa insha una maksi atauacha kwa kukosa muda, na halitakuwa kosa lake peke yake.

Hatua ya 3: Amua unapima nini, hasa kwenye lugha

Hapa ndipo sisi wa huku tunawaonea watoto zaidi, na mara nyingi bila kujua. Sekondari tunafundisha Jiografia kwa Kiingereza. Watoto wengi wametoka shule za msingi za Kiswahili, na kabla ya Kiswahili nyumbani kulikuwa na Kigogo, Kirangi au Kisandawe. Lugha ya mtihani ni ya tatu kwao.

Niliuliza kwa nini Dodoma ni kukame. Mvulana mmoja akaandika: "Rain finish in mountain of Morogoro, wind come Dodoma empty." Mwenzangu aliyekaa meza ya pili alicheka mpaka akamwaga chai, akasema huyo ni sifuri. Nikamwambia aisome tena. Mtoto amesema kwamba upepo wenye unyevu kutoka baharini hupanda milima ya mashariki yetu, ukamwaga mvua huko, ukatufikia ukiwa mkavu. Hicho ndicho kivuli cha mvua chenyewe, pungufu ya jina lake. Skimu yangu ilisema: kutaja milima kuwa sababu maksi 2, kueleza inavyofanya kazi maksi 2, istilahi maksi 1. Nikampa 4 kati ya 5.

Kwenye somo la Kiingereza sentensi hiyo hiyo ingeadhibiwa, na kwa haki. Kwenye Jiografia mimi napima Jiografia. Ila usimwache hapo, kwa sababu mtihani wa taifa atakutana na mtu asiyemjua na asiye na muda wa kumfasiria. Mwandikie pembeni sentensi iliyonyooka aione.

Kwenye Kiswahili, kero yetu ni l na r. "Mkurima", "kurara", "kuria" ikiwa na maana ya kulia. Ukikata maksi kila unapokutana nayo, mtoto mwenye hoja nzuri anamaliza maksi zote za lugha kwa ugonjwa mmoja. Kwangu kosa la aina moja linakatwa mara moja, yanayofuata napigia mstari tu. Walimu wengine wanabana zaidi, na wana hoja zao. Ninachokataa ni kubana karatasi ya 5 na kusamehe ya 50.

Mwandiko mbaya, je? Kama unasomeka kwa shida lakini unasomeka, maksi zipo pale pale. Mimi mwenyewe ubao wangu si wa kujivunia.

Hatua ya 4: Soma kumi bila kuandika kitu

Chomoa karatasi kumi popote kwenye bunda, usichague za vinara. Zisome na skimu pembeni, peni ikiwa imefunikwa. Utakuta jibu sahihi ambalo hukuliwazia. Niliwahi kuuliza njia za kuhifadhi udongo nikategemea matuta, miti na kilimo mseto. Watatu kati ya kumi waliandika kupunguza mifugo. Ni kweli tupu, yeyote aliyepita Bahi wakati wa kiangazi anajua kwato za ng'ombe zinafanya nini ardhini, ila kwenye skimu yangu haikuwepo. Iongeze sasa. Ukiikuta kwenye karatasi ya 40, wale 39 umeshawakata.

Hatua ya 5: Sahihisha swali kwa swali

Ukichukua hatua moja tu kutoka hapa, chukua hii. Usimalize karatasi ya mtu mmoja ndipo uende kwa mwingine. Sahihisha swali la kwanza kwa wote, bunda zima, ndipo urudi kwenye la pili.

Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo limekuwepo kwa sheria tangu 1973, halimwachii mtu mmoja karatasi nzima ya mtahiniwa. Wasahihishaji hukaa kwenye meza, kila mmoja na swali lake, na karatasi hupita mkono kwa mkono. Wewe huna watu wa kukaa nao meza, lakini unaweza kuwa watu hao wote kwa zamu.

Faida yake utaiona baada ya dakika kumi. Skimu ya swali moja inakaa kichwani, hupapasi tena. Unakwenda kasi zaidi. Na mwanafunzi aliyevuruga swali la kwanza haingii swali la pili akiwa ameshakuudhi. Edward Thorndike, mwanasaikolojia wa Marekani, aliliandika hili mwaka 1920 baada ya kutazama jinsi maofisa wa jeshi walivyowapima askari wao: sifa moja ya mtu huzipaka rangi nyingine zote. Askari mtanashati alionekana pia ana akili. Sisi tunao wa kwetu, yule anayefuta ubao bila kutumwa.

Kila ukimaliza swali, changanya bunda. Aliyekuwa wa mwisho swali la kwanza asiwe wa mwisho siku zote.

Na ficha majina. Mtihani wa taifa juu ya karatasi kuna namba tu. Kwa jaribio la darasani, waambie waandike jina kwenye kona ya juu, ukikusanya ikunje kona hiyo kwa nyuma. Au watumie namba za rejista. Najua utamtambua mtoto kwa mwandiko, mimi nawatambua kama kumi na tano hivi. Lakini wale wengine zaidi ya hamsini unakuwa umewaokoa na hisia zako, na hiyo si haba.

Ukimaliza swali kwa wote, rudi kwenye zile tano ulizoanza nazo uzisome upya kabla ya kuchanganya. Hapo utajikamata. Mara nyingi unakuta ulianza ukiwa mkali, ukalegea katikati. Au kinyume chake, kama mimi na yule binti.

Hatua ya 6: Piga hesabu ya muda wako, mapema

Mikondo yangu miwili ilikuwa na wanafunzi 74 na 69, jumla 143. Dakika 6 kwa karatasi ni dakika 858, yaani saa 14 na dakika 18. Hiyo si kazi ya Jumapili moja alasiri. Ni vikao saba vya saa mbili, na bado kuna kumalizia. Mwalimu wa taaluma akisema anataka matokeo Jumatatu na leo ni Ijumaa, mwonyeshe hesabu hii kwa heshima. Mara nyingi hajaipiga. Akishikilia, basi siku nyingine tunga mtihani unaosahihishika. Maswali 10 ya kuchagua, 10 ya majibu mafupi na insha moja vinatosha kumpima mtoto. Insha tatu kwa watoto 143 ni kujitafutia ugonjwa.

Usikatishe swali katikati. Kama usingizi umekuja na umebakiza ishirini za swali la nne, bora usingelianza. Lala. Asubuhi kabla ya kuendelea, soma tatu za jana urudishe mkono.

Na usisahihishie nje mwezi wa saba na wa nane. Upepo wa Dodoma hauna adabu. Nimewahi kukimbizana na karatasi mpaka kwenye shamba la jirani, na moja nikaipata mdomoni mwa mbuzi. Swali la kwanza na la pili zilisalimika. Mtoto nilimpa la tatu alifanye upya ofisini.

Hatua ya 7: Mpe mwenzako karatasi tano

Chagua insha tano ulizokwisha kusahihisha, maksi ziwe umeandika kwenye karatasi pembeni. Mpe mwalimu mwenzako wa idara, mpe na skimu. Mkitofautiana maksi 1 kati ya 10, sawa. Mkitofautiana 3, skimu yako ina tundu, kaeni mlitafute. Aliyenifundisha hili ni mama mmoja aliyekuwa amebakiza miaka miwili kustaafu; nilimpelekea nikitegemea sifa, akanirudishia na maswali sita. Usione aibu. Ukimwamkia vizuri na ukamnunulia vitumbua, atakusaidia mpaka unastaafu wewe.

Hatua ya 8: Jumlisha mara mbili, ya pili uanzie nyuma

Pindua kila ukurasa. Kuna watoto huandika jibu la mwisho nyuma ya karatasi ya nyongeza. Jumlisha kutoka swali la kwanza hadi la mwisho, halafu kutoka la mwisho hadi la kwanza. Kama mtihani ni wa maksi 40, 31 ni asilimia 77.5, amueni stafu nzima kama mnaipandisha kuwa 78 au mnaikata, msiwe na kila mtu na mtindo wake.

Hatua ya 9: Waliosimama mpakani

Kwa madaraja ya kidato cha nne, A ni kuanzia 75, B 65, C 45, D 30, na chini ya hapo ni F. Maana yake maksi moja kati ya 44 na 45 inamtoa mtoto D na kumpeleka C, na kati ya 29 na 30 inamtoa kwenye kufeli. Hakuna mtu duniani anayeweza kupima insha kwa usahihi wa maksi moja. Kwa hiyo wote walioishia 29, 44, 64 na 74 nawasoma upya kabla sijaandika chochote kwenye rejista. Wote, wala si yule ninayempenda tu. Na walioishia 30 na 45 nao? Kwa mantiki ilipaswa niwasome pia. Sijawahi kuwasoma. Mwenzangu mmoja ananiambia huo ni unafiki, sina la kumjibu.

Swali likiharibika

Hili si hatua, ni ajali, ila itakupata. Ukikuta zaidi ya nusu ya darasa wamekosa swali moja, vinara wakiwemo, usikimbilie kusema hawasomi. Fungua andalio la somo uangalie kama kweli ulifundisha, au siku ile mlipelekwa kwenye mbio za mwenge. Kama hukufundisha, liondoe kwa wote. Mtihani wa 40 ukitoa swali la maksi 5 unabaki wa 35, na mwenye 21 anakuwa na asilimia 60. Watakuwepo wawili watatu waliolipata swali hilo kwa kujisomea, nao wataumia. Hao naandika maksi zao kwenye rejista kwa penseli pembeni, na nawaambia mbele ya darasa kwamba walilipata.

Kama swali lilikuwa na majibu mawili, kubali yote mawili. Kama ni uchapaji ulioharibu, wape wote. Usichofanya ni kumwongezea mmoja mmoja anayekuja kulia ofisini, kwa sababu wanaojua kulia si lazima ndio walioonewa.

Hatua ya 10: Yasiyokuwa kwenye karatasi yasiingie kwenye maksi

Aliyechelewa, aliyesinzia, aliyekujibu vibaya Jumanne: shule ina utaratibu wa nidhamu, peni nyekundu haimo. Ukimkata maksi 5 kwa utovu wa adabu, mzazi akisoma ripoti ataona mtoto hajui Jiografia.

Kupiga chabo ni kesi nyingine. Karatasi mbili zikifanana hata makosa, usiamue kwa moyo nani kamwibia nani. Moyo utamchagua yule aliyezoea kushika mkia, na mara nyingine ni kinara aliyeazima. Waite mmoja mmoja, mwulize kila mtu aeleze jibu lake kwa mdomo. Dakika tatu zinatosha. Kisha lipeleke suala kwa mwalimu wa taaluma, usilimalize peke yako.

Kuna na mzazi anayekuja wiki ya mitihani na gunia la karanga. Wa kwangu alikuwa mzee mstaarabu kabisa, wala hakutaja mtihani. Nilimwambia, "Mzee wangu, ahsante sana, ila naomba uziweke mpaka tukishatoa matokeo, hapo tutazila wote stafu." Alicheka, akazirudisha. Matokeo yalipotoka hakuja nazo.

Na kuna shinikizo la juu: ufaulu wa somo lako umekaa vibaya, uambiwe upandishe. Kama uongozi umeamua kupandisha, iwe kwa kanuni moja kwa kila mtoto, na maksi za mwanzo ubaki nazo kwenye daftari lako. Ukichezea za mtu mmoja mmoja, mtihani wa taifa utakuja kukuumbua ukiwa umekaa.

Hatua ya 11: Rudisha karatasi, kaa usikilize

Karatasi isiyorudi haimfundishi mtoto kitu. Zirudishe ndani ya wiki mbili, tumia kipindi kizima, soma skimu mbele yao swali kwa swali. Wape dakika kumi wajumlishe wenyewe. Kanuni yangu naiandika ubaoni: anayeona kaonewa alete karatasi na ataje swali, nasoma swali hilo tu, kwa skimu, na kama skimu ndiyo yenye kosa, nawasoma wote, hata wasiolalamika. Hiyo sehemu ya mwisho inakula muda, lakini bila hiyo unawalipa wenye midomo.

Nikikuta nilimzidishia mtu maksi, namwachia. Mwalimu wa meza ya pili, yule wa chai, anazipunguza hapo hapo. Tumebishana miaka mitatu.

Yule binti wa chini ya mti nilimwongezea mbili zake siku iliyofuata. Kisha nikaomba karatasi zote 74 zirudi, nikasahihisha swali la tatu upya. Kumi na moja walipanda. Wote walikuwa nusu ya chini ya bunda.

Hatua ya 12: Itunze skimu iliyochafuka

Usitupe ile yenye michirizi, majibu mapya uliyoongeza na alama ya kikombe. Ibane pamoja na mtihani wake kwenye faili, andika juu yake kilichokwenda kombo ungali unakumbuka. Yangu ya mwaka ule ninayo bado. Pembeni ya swali la insha pameandikwa kwa penseli: "Zabibu. Usirudie."